Shali ya Kroshia na Ndoo ya Batiki: Fani Mbili Zinazoishi Jirani Kariakoo

Katika mitaa inayolizunguka soko la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, uzi wa kufumia na rangi ya batiki vimeuzwa kwa ujirani wa miaka mingi, lakini ni nadra vitu hivyo viwili kuingia katika kapu la mnunuzi mmoja. Mfumaji huingia katika duka la vifaa vya mafundi cherehani, ambako vidonge vya uzi hupangwa pamoja na zipu, vifungo, lesi na lastiki, ilhali mtengenezaji wa batiki huelekea kwa muuzaji wa kemikali anayempimia unga wa rangi kwa mizani na kumfungia katika vifuko vidogo. Wa kwanza huipokea rangi kama ilivyoamuliwa na kiwanda cha mbali. Wa pili huiamua rangi yake mwenyewe, lakini huitia kwenye kitambaa ambacho mashine imekwisha kukifuma. Shali ya pembetatu inayofumwa kwa kroshia, kwa uzi wa pamba uliotiwa rangi kwa mkono, inahitaji maarifa ya wote wawili, na pamoja na sifa hiyo inamfaa anayeanza kuliko kazi nyingi ambazo wanafunzi wa ufumaji hupewa kwanza.

Kroshia ni ufumaji wa sindano moja ambayo ncha yake imepindwa ili inase uzi, iuvute kupitia kitanzi kilichotangulia na kuacha kitanzi kipya mahali pake. Inatofautiana na ufumaji wa sindano mbili, ule wa masweta, kwa jambo moja lenye uzito mkubwa kwa mwanafunzi: katika sindano mbili vitanzi vingi huwa wazi kwa wakati mmoja, na kimoja kikiponyoka huweza kufumua safu hadi chini, ilhali katika kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu kila mshono unapokamilika. Anayekosea huchomoa sindano, huvuta uzi taratibu hadi mahali palipoharibika, kisha huendelea, na uzi wa pamba huvumilia kufumuliwa mara kadhaa bila kuchakaa.

Katika nyumba nyingi za Tanzania kroshia hujulikana zaidi kwa vitambaa vyeupe vinavyotandikwa juu ya migongo ya makochi, meza za sebuleni na makabati ya vyombo. Ustadi huo ulipitia shule za misheni, masomo ya sayansikimu na vikundi vya akina mama, na zaidi ya yote ulipita kutoka kwa mama na shangazi kwenda kwa binti, mkono kwa mkono, bila kitabu. Ni urithi wenye thamani, lakini una kasoro moja ya kimafunzo ambayo haijasemwa vya kutosha: vitambaa hivyo hufumwa kwa uzi mwembamba sana na sindano ndogo, hata mwanafunzi hulazimika kutafuta tundu asiloliona vizuri kwa mkono ambao haujazoea kuulegeza uzi. Wengi waliojaribu na kuacha hawakushindwa na kroshia yenyewe. Walianzishwa mahali ambapo fundi mzoefu ndiye angepaswa kufikia. Kwa uzi wa unene wa wastani na sindano ya milimita 5, kila mshono huonekana wazi, na kosa hutambulika kabla halijazaa makosa mengine.

Shali, yaani nguo ya kujitandia mabegani au kichwani, imo katika jamii moja na mtandio ambao wanawake wa pwani huuvaa juu ya gauni na ushungi wa kanga unaofunika kichwa na mabega. Haina kola, haina mikono wala kiuno, hivyo haihitaji vipimo vya mwili wa mvaaji, na sentimita chache zikizidi au zikipungua hakuna atakayegundua. Wapo wanaodhani kwamba joto la Dar es Salaam halina nafasi kwa vazi la namna hiyo, lakini ofisi zenye viyoyozi, ibada za alfajiri, upepo wa kusi wa kati ya Juni na Agosti, na safari za mabasi ya usiku kuelekea Mbeya, Njombe au Arusha humfanya mkazi wa jiji hili atafute kitu chepesi cha kujifunika mara nyingi kuliko anavyokiri. Sharti lake ni kwamba kitu hicho kipitishe hewa na kinyonye jasho, na sharti hilo ndilo linaloleta swali la aina ya uzi.

Sehemu kubwa ya uzi mnene wenye rangi kali unaoonekana madukani ni akriliki, yaani uzi wa viwandani unaotokana na kemikali za petroli. Ni wa bei nafuu, ni laini, hauliwi na nondo, na hununuliwa na wafumaji wa kofia za watoto wachanga pamoja na wasusi wa nywele. Hata hivyo haunyonyi jasho kama pamba, na rangi za batiki hazishiki juu yake, kwa kuwa rangi hizo zimetengenezwa kwa ajili ya nyuzinyuzi za mimea. Anayeutia uzi wa akriliki katika ndoo ya batiki hupoteza rangi, kemikali na siku nzima ya kazi. Lebo ikikosekana, kipande kifupi cha uzi kishikwe kwa koleo juu ya bakuli la maji na kuwashwa kwa kiberiti: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika, wakati akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha tone gumu lisilosagika kati ya vidole. Kinachotafutwa ni pamba tupu, nyeupe au ya rangi yake ya asili ya maziwa, isiyochanganywa na kitu kingine.

Hapa kuna jambo la kusikitisha ambalo halistahili kupitwa kimya. Tanzania hulima pamba kwa wingi katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora, na ilikuwa na matumaini makubwa ya viwanda vya nguo baada ya uhuru, ambayo ishara yake iliyojulikana zaidi jijini ilikuwa kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, kabla ya kusokotwa kuwa uzi, na mfumaji wa Kariakoo mara nyingi hununua kidonge kilichovuka bahari ingawa zao lenyewe linastawi nchini mwake. Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo: katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi, ushahidi kwamba mji huo wa biashara ulijua kusokota uzi wake karne nyingi kabla ya shehena za merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, kufurika Zanzibar katika karne ya 19. Kutia rangi uzi ulioagizwa kutoka nje hakurudishi viwanda, lakini kunarudisha mikononi mwa fundi hatua moja muhimu kati ya hatua zilizomponyoka.

Ujuzi wa hatua hiyo upo tayari. Batiki, sanaa ya kutia kitambaa rangi huku sehemu fulani zikizuiwa kwa nta au kwa kufungwa na kamba, inahusishwa zaidi na kisiwa cha Java nchini Indonesia, na ilienea katika miji ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilikuwa miongoni mwa mahali ilipotengenezwa na kuuzwa, na tangu Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lilipoanzishwa mwaka 1973, mafunzo ya ufundi mdogomdogo yameifanya batiki kuwa kazi ya kawaida ya vikundi vya wajasiriamali. Wako wanawake wengi jijini wanaoweza kuandaa ndoo ya rangi kwa macho na uzoefu tu. Wachache kati yao wamewahi kuitumbukizia uzi, ingawa kinachoshika rangi katika kitambaa ni pamba ileile.

Kabla ya kutiwa rangi, uzi hutolewa kwenye kidonge na kuzungushwa kwenye migongo ya viti viwili vilivyotenganishwa, hadi upatikane mviringo mkubwa uliolegea, ambao katika maelezo haya utaitwa shada. Shada hufungwa kwa vipande vya uzi wa pamba mahali pasipopungua panne, kwa mafundo mapana yasiyobana, kwa sababu fundo linalobana huzuia rangi na kuacha alama nyeupe isiyokusudiwa. Kisha hufuliwa kwa maji ya moto yenye sabuni na magadi soda ili kuondoa nta ya asili ya pamba na mafuta ya kiwandani, husuuzwa, na huachwa likiwa na unyevu. Fundi anayeharakisha na kuruka hatua hii hulaumu rangi baadaye, wakati kosa lilikuwa katika ufuaji.

Rangi zinazotumiwa sana katika batiki nchini ni za kundi lisiloyeyuka katika maji matupu. Ili ziingie ndani ya pamba, huchanganywa katika maji ya moto pamoja na kostiki soda na haidrosulfaiti, na kemikali hizo mbili huibadili rangi kwa muda iwe katika umbo linaloyeyuka. Ndiyo maana ndani ya ndoo rangi haionekani ilivyo: buluu huweza kuonekana ya kijanikibichi au manjano, na mgeni wa kazi hii hudhani ameuziwa kitu kingine. Shada linapotolewa na kutundikwa, oksijeni ya hewani huirudisha rangi katika umbo lake la awali, safari hii ikiwa imenaswa ndani ya nyuzinyuzi, na mbele ya macho ya fundi uzi hugeuka taratibu kufikia rangi yake ya kudumu. Baada ya hapo husuuzwa hadi maji yatoke meupe, kisha hufuliwa kwa sabuni na maji ya moto ili rangi iliyobaki juujuu iondoke. Vipimo vya unga hutofautiana kutoka rangi moja hadi nyingine, na muuzaji wa rangi husika ndiye wa kuulizwa.

Kostiki soda huunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu ndefu za mpira, miwani ya kinga na mahali penye hewa ya kutosha ni sehemu ya kazi, wala si hiari ya mtu mwoga. Kostiki ndiyo humiminwa kidogo kidogo ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu mchanganyiko huo huchemka ghafla na kuruka. Tahadhari nyingine inahusu chombo: sufuria nyingi za majumbani ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa gesi inayoweza kushika moto, hivyo ndoo ya plastiki nzito au chombo cha chuma kisichoshika kutu ndicho kinachofaa, na chombo hicho kisirudi jikoni kamwe. Maji yaliyotumika nayo hayastahili kumwagwa katika mtaro wa mvua, kwa kuwa mitaro mingi ya eneo hili huishia bonde la Msimbazi na hatimaye baharini.

Anayeogopa kemikali hizo, au mwenye watoto wadogo nyumbani, anaweza kuanza na maganda ya vitunguu, ambayo wauza vitunguu wa sokoni huyafagia na kuyatupa kila siku. Uzi wa pamba hulowekwa kwanza katika chai ya rangi iliyokolea, kisha katika maji ya vuguvugu yenye shabu, yaani ile chumvi nyeupe ya madini ambayo wengi huifahamu kama dawa ya kutuliza maji yenye tope. Chai huipa pamba ukakasi unaokamata shabu, na shabu huikamata rangi. Maganda huchemshwa kwa takriban saa moja, huchujwa, na uzi huachwa ndani ya supu hiyo hadi upoe, ukitoka na rangi kati ya dhahabu na kahawia. Binzari hutoa manjano yanayong'aa zaidi, lakini hupauka haraka juani na haifai kwa vazi litakaloanikwa kila wiki.

Uzuri wa uzi uliotiwa rangi kwa mkono hutokana na kutolingana kwake. Shada likitumbukizwa nusu katika rangi moja na nusu katika nyingine, au likifungwa kwa kamba kama batiki ya kufunga, rangi hujirudia kila baada ya urefu wa mzunguko wa shada, na hapo ndipo wafumaji wengi hupatwa na tatizo la mabaka. Katika kitambaa cha mstatili kila safu ina urefu sawa. Urefu huo ukikaribiana na mzunguko wa rangi, rangi moja huangukia mahali palepale safu baada ya safu na kujikusanya kama doa. Katika shali ya pembetatu inayoanzia katikati ya ukingo wa juu, kila safu ni ndefu kuliko iliyotangulia, kwa hiyo rangi husogea bila kupanga foleni. Umbo lililo rahisi kwa mwanafunzi ndilo pia linalouonyesha uzi huu kwa haki zaidi, na kwa sababu hiyo hakuna haja ya mishono ya mapambo: michanganyiko ya rangi na mishono migumu vikikutana, kimoja humfunika mwenzake.

Mishono inayohitajika ni miwili. Cheni hupatikana kwa kunasa uzi na kuuvuta kupitia kitanzi kilicho juu ya sindano. Dabo, kama wanavyoiita waliojifunza kwa mifumo ya Kimarekani, huanza kwa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano, kuingiza sindano katika nafasi iliyokusudiwa na kuvuta kitanzi, ili vitanzi vitatu vibaki juu ya sindano. Uzi huvutwa kupitia viwili, kisha tena kupitia viwili vilivyobaki. Waingereza huuita mshono huohuo trebo, na anayefuata maelekezo ya intaneti bila kuangalia yameandikwa wapi hupata shali ya sura nyingine kabisa. Dabo tatu zikifumwa katika nafasi moja huunda kitu kitakachoitwa hapa fungu.

Kazi huanza kwa cheni 4 zinazounganishwa kuwa duara dogo. Safu ya kwanza yote hufumwa ndani ya duara hilo: cheni 4, ambazo 3 zake husimama badala ya dabo moja na ya nne ikawa nafasi, kisha fungu, cheni 2, fungu jingine, cheni 1 na dabo moja ya kufungia ukingo. Zile cheni 2 za katikati ndizo uti wa mgongo wa shali. Kazi hugeuzwa, na kila safu inayofuata hufuata kanuni ileile: cheni 4 za kuanzia, fungu katika nafasi ya kwanza ya ukingoni, cheni 1 na fungu katika kila nafasi hadi katikati, ambapo fungu, cheni 2 na fungu huingia pamoja katika nafasi ya uti wa mgongo; upande wa pili hurudia wa kwanza, na safu hufungwa kwa fungu katika nafasi ya mwisho, cheni 1, na dabo moja katika cheni ya tatu ya zile 4 za safu iliyopita. Mwanafunzi akimaliza safu mbili au tatu kwa usahihi, mikono yake huanza kuona nafasi inayofuata kabla hajaambiwa.

Kosa la kawaida ni kusahau fungu la ukingoni, na matokeo yake ni shali inayojikunja upande mmoja. Dawa yake ni hesabu: safu ya kwanza ina mafungu 2, ya pili 4, ya tatu 6, na kila safu huongeza mawili tu, hivyo idadi ya mafungu siku zote ni mara mbili ya namba ya safu. Hesabu hiyohiyo huonyesha jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Shali ya safu 40 ina mafungu 1,640 kwa jumla, lakini safu 20 za mwanzo huchukua 420 tu, kama robo ya kazi. Anayefika safu ya 20 na kuona amebakiwa na nusu ya uzi hana sababu ya kujipongeza. Uzi hautamfikisha mwisho. Gramu 300 za pamba ya unene wa wastani ni kiasi cha tahadhari, na zote zitiwe rangi siku moja katika ndoo moja, kwa sababu ndoo ya pili, hata ikipimwa kwa uangalifu, haitoi rangi ileile. Palipo na mashada mawili yanayotofautiana kidogo, hufumwa kwa zamu, safu mbili kwa uzi huu na mbili kwa ule, na tofauti huyeyuka ndani ya kazi.

Shali inapotoka kwenye sindano huwa imejikunyata na haivutii. Hulowekwa katika maji baridi, hukamuliwa kwa kubanwa ndani ya taulo bila kusokotwa, kisha hutandazwa juu ya mkeka uliofunikwa kwa shuka na kuvutwa taratibu hadi ukingo wa juu unyooke na ncha tatu zikae sawa, zikishikiliwa kwa pini hadi zikauke. Pamba nzito ikianikwa kwenye kamba ikiwa imelowa hurefuka upande mmoja kwa uzito wa maji, kwa hiyo kamba ya nguo iachiwe nguo nyingine.

Linabaki suala la bei, ambalo hujitokeza kila mwezi wa Julai katika maonesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, pale wajasiriamali wanapoweka kazi za mikono mezani karibu na nguo za viwandani. Muuzaji anayehesabu gharama ya uzi na rangi pekee, akasahau dabo karibu 5,000 zilizopita mkononi mwake moja baada ya nyingine na siku iliyotumika kwenye ndoo, huuza kwa hasara na kumfundisha mnunuzi kwamba kazi hiyo haina thamani. Mnunuzi naye ana haki ya kujua anacholipia, hivyo kila shali iuzwe na kipande cha karatasi ngumu kinachotaja kwamba uzi ni pamba tupu, rangi ni ya batiki au ya maganda ya vitunguu, nguo ifuliwe peke yake kwa maji baridi mara tatu za mwanzo, na ikaushwe kivulini ikiwa imetandazwa.